Mashine Mbili, Luku Moja

Mashine ya Teodora ilikuwa inaimba. Usiniulize iliimbaje, we subiri. Mtu akishuka kituoni Mkuyuni na gunia lake la mahindi, akauliza wapi wanasaga vizuri, aliambiwa nyoosha na njia hii, wapite wauza mitumba, ukisikia mashine inayoimba ingia hapo hapo. Na kweli aliisikia kabla hajaiona. Mashine nyingine za kusaga zinapiga kelele moja tu, ngumu, tangu asubuhi hadi jioni, mpaka meno yanauma. Ya Teodora ilipanda na kushuka. Wuuuu, inajaa, halafu inanywea taratibu mpaka unadhani inataka kuzimika, halafu inajaa tena, wuuuu. Watoto migongoni mwa mama zao walilala pale pale kwenye foleni.

Teodora mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Magu, mjane, mama yake Rose, mwenye mwili wa kushiba na ulimi ambao haujawahi kukosa jibu. Asubuhi alifunga kilemba cha bluu, saa nne kilikuwa cheupe kwa unga. Ile sauti aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Hakuwa anatazama mahindi yanavyoshuka mdomoni mwa mashine, alisikiliza tu. Wimbo ukianza kwenda mbio, anafungua kile kilango cha kupitishia mahindi kidogo, mashine inaelemewa, wimbo unapoa. Ukipoa kupita kiasi, anakibana. Unga ulitoka laini, sawasawa, wala hauchomi mkono. Ukimuuliza alijifunza wapi, atakwambia mashine ndiyo iliyomfundisha.

Sasa tatizo lilikuwa ukuta. Chini ya bati lile lile, nyuma ya ukuta mmoja wa matofali, alikuwepo Mzee Nathaniel. Huyo alikuwa Mkerewe, mrefu, mkavu, mjane kama Teodora, mwenye magoti mabovu na subira ya ajabu. Yeye alisaga udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa, na mtama kwa wenye kuutaka. Mashine yake aliinunua duka lile lile na mwaka ule ule alionunua Teodora. Na mzee huyu, bila aibu yoyote, aliwaambia wateja wake kwamba mashine inayoimba ni ya kwake.

"Mama Rose!" alipaza sauti juu ya ukuta. "Waambie watu ukweli. Wewe unasaga tu. Kuimba naimba mimi."

"Uimbe wapi, mzee, na kifua hicho kimejaa udaga!"

Wateja wa pande zote mbili walicheka, wakagawanyika wakabishana, na ubishi ule ukaendelea miaka na miaka bila kuchosha mtu.

Utasema, si mmoja angezima mashine yake wasikilize? Rahisi hivyo. Ungesema hivyo kwa sababu huijui Luku ya pale. Mwenye nyumba aliwapa mita moja ya umeme, wapangaji wawili, akaenda zake. Mwezi wa kwanza nusura watoane macho: wewe umewasha zaidi, wewe ndiye uliyekula yuniti zangu. Mwishowe wakakubaliana jambo ambalo sijaliona kwingine. Wanawasha pamoja, wanazima pamoja, basi hakuna atakayemlalamikia mwenzake. Wateja wa upande mmoja wakijaa, wanasubiri wa upande wa pili nao wajae. Kisha Nathaniel anagonga ukuta kwa mpini wa fagio, Teodora anajibu kwa konzi, swichi mbili zinashuka kwa mkupuo. Kuzima vivyo hivyo. Umeme ukikatika unakatikia kwa wote. Kwa hiyo katika miaka yote ile, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia mashine yake ikiwa peke yake.

Mchana Teodora alipeleka upande wa pili sahani ya ugali na samaki wa sato, akisema kimebaki, ingawa kila siku kilibaki kiasi kile kile. Nathaniel akitoka kwao kisiwani Ukerewe alirudi na mfuko wa machungwa, akisema yangeozea shambani. Kama huo si upendo mimi sijui upendo unafananaje. Lakini nani aliuita kwa jina lake? Hakuna. Watu wazima wale, wenye wajukuu, waliona haya.

Basi siku moja, baada ya kuzima, Nathaniel alizunguka akasimama mlangoni kwa Teodora, kofia mkononi.

"Mama Rose, mwanangu amenijengea chumba kule kwetu Nansio. Anasema vumbi la unga na magoti haya vitanimaliza. Anataka nirudi nyumbani, na mashine niifunge kule kule."

Teodora alikuwa anafagia. Akaendelea kufagia.

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Haya. Ni vizuri mtoto akimkumbuka mzazi wake. Safari njema."

Nathaniel alibaki amesimama pale kwa muda, kama mtu aliyeagiza kitu dukani na bado hajapewa. Kisha akavaa kofia yake, akaondoka. Teodora aliifagia sehemu ile ile mpaka sakafu ikataka kuchubuka. Moyoni alikuwa akisema usiende, usiende, mzee wewe, usiende. Ulimi ule usiokosa jibu ulikuwa umelala fofofo.

Ikaja siku, vijana wakaipakia mashine ya Nathaniel kwenye gari hadi kivukoni. Teodora hakutoka nje. Alisema ana unga wa kufunga.

Kesho yake Luku ikawa yake peke yake. Hakukuwa na wa kumsubiri tena. Wateja walijaa, akainua mkono kugonga ukuta, akakumbuka, akaushusha. Akawasha swichi.

Mashine ikapiga kelele moja, ngumu, iliyonyooka, haipandi wala haishuki.

Alizima. Akawasha tena. Ile ile.

"Mama Rose, mashine imekuwaje?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa macho, analia.

"Imeamka vibaya. Itachangamka."

Haikuchangamka. Siku hiyo haikuimba, wala iliyofuata, wala wiki nzima. Na kwa kuwa Teodora alizoea kusaga kwa kusikiliza wimbo, sasa hakujua afungue kilango kiasi gani. Unga mara ulitoka na chenga, mara ulitoka wa moto, unanukia kuungua. Wateja, na unawajua wateja, walianza kunong'ona kwamba mashine imenuna. Mmoja alisema imerogwa na yule Mkerewe. Teodora akamfukuza na ndoo yake.

Akamwita fundi Mayala. Mayala alikuwa fundi mzuri, asiye na maneno mengi, na mashine zote za Mkuyuni zilipita mikononi mwake. Akafungua mota. Akatazama beringi, akabadilisha nyundo moja iliyolika, akakaza mkanda, akasafisha chekeche. Akawasha. Kelele ile ile iliyonyooka.

"Mama, mashine nzima hii."

"Nzima vipi, haiimbi!"

"Mama, mimi natengeneza mashine za kusaga. Za kuimba sijui."

"Fungua tena."

Akafungua tena. Alirudi mara nyingine, akafungua tena, mpaka akaanza kupitia njia nyingine ili asionekane. Naye Teodora akawa analala na mawazo. Kwamba imezeeka. Kwamba ameiharibu mwenyewe kwa kuilisha vibaya. Lakini kulikuwa na wazo jingine baya zaidi, ambalo hakumwambia mtu: kwamba Nathaniel alikuwa anasema kweli miaka yote ile. Wimbo ulikuwa wa mashine yake, na ameondoka nao.

Ungempigia simu, utasema. Angepiga aseme nini? Kwamba ulishinda? Mwanamke yule? Bora ameze jiwe.

"Mama," alisema binti yake Rose, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye jioni alikuja kumsaidia. "Hiyo mashine ndiyo unayoililia kweli?"

"Kwani kuna kitu kingine?"

Rose alimtazama, akanyamaza. Alikuwa na akili ya kujua lini anyamaze, sijui alirithi kwa nani.

Wote wawili, mama na binti, waliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisani. Jumamosi mchana walikuwa mazoezini, chini ya Mwalimu Elias, mtu mpole ambaye hukasirishwa na jambo moja tu duniani, nalo ni sauti iliyopinda. Siku hiyo alisimamisha kwaya nzima.

"Kuna mtikisiko sauti ya pili. Wengine nyamazeni. Mama Rose, Rose, shikeni noti hiyo, msiiachie."

Wakaishika. Wuuu, wuuu, wuuu, ikapanda na kushuka kati yao.

"Nani anatikisa?"

"Si mimi," alisema Rose.

"Mimi nikatikise nini, mwalimu, na umri huu," alisema Teodora.

"Rose, nyamaza. Mama, imba." Teodora akaimba. Sauti ilitoka imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. "Sasa wewe nyamaza, Rose aimbe." Ya Rose nayo ikanyooka. "Haya, pamoja." Wuuu, wuuu. Mwalimu Elias akacheka, hasira zote zimekwisha. "Mnaona? Hakuna anayetikisa. Ni nyie wawili mkikutana."

Akawaeleza, kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda kueleza. Wamewahi kuangalia maji ya ziwa pale kwenye mawe? Wimbi moja linakuja, jingine limegonga jiwe linarudi. Yakikutana yote yameinuka, maji yanaruka juu kuliko yalivyokuwa. Moja likiwa limeinuka na jingine limebonyea, yanamezana, maji yanatulia kama hapakuwa na kitu. Sauti nazo zinafanya vile vile hewani. Na hizi za mama na mwana zinakaribiana mno, ila hazijalingana, mmoja anamwacha mwenzake kidogo sana. Kwa hiyo saa hii zinabebana, saa hii zinamezana, zinabebana tena. Ndio huo mtikisiko.

"Mkiachana zaidi, utakwenda mbio mpaka ukwaruze masikio. Mkikaribiana, unapoa. Mkilingana kabisa kabisa, unakwisha. Ndicho ninachokitaka, jamani, mlingane, uishe!"

Teodora alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Mwalimu. Ni ya nani, hiyo wuu?"

"Si ya mtu. Mmoja akiondoka, nayo haipo."

"Hata... hata mashine?"

"Mashine zipi, mama?"

Lakini mama alikuwa ameshachukua mkoba wake. Rose akamfuata mbio, akiomba radhi kwa kwaya nzima.

Alipiga simu akiwa njiani, anatembea. Ikaita sana. Kisha sauti ile kavu, ya upole, ikamsalimu kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, Mama Rose."

"Asubuhi gani saa hizi, mzee! Nathaniel, niambie ukweli na usinifiche. Mashine yako inaimba?"

Teodora alisikia jogoo akiwika huko Nansio.

"Nani amekwambia?" alisema Nathaniel.

"Amenambia nini?"

"Ilikufa njiani. Nadhani chumvi ya... sijui, nadhani waliibamiza kivukoni. Inasaga, lakini imekuwa bubu. Nimeita fundi, ameifungua yote, amebadilisha hadi puli. Mama Rose, nimeona aibu kukupigia. Nikasema huyu mama atanicheka, kumbe wimbo ulikuwa wa kwake, na mimi nimejisifu miaka yote."

Teodora alisimama katikati ya njia. Bodaboda mmoja akampigia honi, akamkwepa, akamtukana kidogo. Hakusikia. Alikuwa anacheka hadi machozi yanamtoka, na Rose aliyekuwa amemfikia alidhani kuna msiba.

"Chumvi kwenye Ziwa Victoria, Nathaniel! Chumvi! Ulisoma wapi wewe? Sikiliza. Yangu nayo bubu. Mayala amenikimbia kwa sababu yake. Sikiliza, nakwambia. Washa mashine yako. Mwambie kijana alishe udaga. Simu usikate."

Alipofika kibandani alimwambia Rose awashe, amwage mahindi. Yeye akaishika simu sikioni, akaziba sikio la pili. Hakusikia kitu. Mashine yake ilikuwa karibu mno, inaimeza ile ya kwenye simu. Akaliachia lile sikio, akatoka nje. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akapita kwa wauza mitumba, akamkanyaga mtu, akasema samahani mama. Kila alivyoenda mbali mashine yake ilipungua, na ile ya Ukerewe ikabaki vile vile, nyembamba, sikioni. Alipofika barazani kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, zilikuwa zimelingana ukubwa, na hapo akaisikia.

Ilikuwa ndogo, kama inatoka chini ya mto wa kulalia, lakini ilikuwa yenyewe. Wuuu. Ikanywea. Wuuu.

"Nathaniel. Sogea mbali na yako. Toka nje, nenda mpaka usikie simu vizuri."

Akasikia miguu ikiburuzwa, kuku wakikimbia, pumzi za mzee. Kisha akasikia pumzi zikisimama.

"Hiyo ndiyo yangu," alisema Nathaniel polepole.

"Si yako. Wala si yangu. Ikiwa moja haipo."

Akajaribu kumweleza mambo ya mawimbi na mawe, akachanganya, akaacha. Haikuwa lazima. Walisimama wawili, mmoja Mkuyuni na mmoja Nansio, ziwa lote katikati, wakisikiliza. Fundi cherehani alikuwa ameacha kushona, anamtazama mama wa watu anayelia na simu sikioni.

"Mama Rose," alisema Nathaniel. "Ile siku nilipokuja kukuaga. Nilisimama pale."

"Nilikuona."

"Nilikuwa nasubiri useme neno."

"Na mimi nilikuwa nasubiri nipate ujasiri, nao haukuja. Sasa nasema. Rudi."

"Nirudi kwa sababu ya mashine?"

Kuna watu wangezungukazunguka hapo. Teodora alikuwa amechoka kuzunguka.

"Mashine iende huko! Nakutaka wewe. Sahani yako ya mchana nimekuwa nampa paka, na paka amenenepa mpaka hawezi kuruka ukuta. Nimekukosa, Nathaniel. Rudi, mimi nipo."

Nathaniel alivua kofia. Kisha akasema, "Mwanangu atanuna."

"Mwambie aje hapa nimpikie. Ataacha."

Alirudi. Sitaki kusema kwamba ilikuwa rahisi, kwa sababu mwana alinuna kweli, na mashine ilibidi ivuke maji mara ya pili, na Mayala alibembelezwa kwa soda ndipo akakubali kuja kuifunga mahali pake pa zamani. Lakini alirudi, na mfuko wa machungwa.

Habari zilikuwa zimeenea. Asubuhi ya kuwasha, foleni ilijaa pande zote mbili, na wengine hawakuwa na hata kikombe cha mahindi, walikuja kusikiliza tu. Ubishi ulikuwa palepale, wa mahindi wakisema yetu, wa udaga wakisema yetu. Kisha mpini wa fagio ukagonga ukuta. Teodora akajibu kwa konzi. Swichi mbili zikashuka.

Loo! Ilikuwa mbaya. Haikuwa wimbo ule wa kulaza watoto, ilikuwa wu-wu-wu-wu-wu, mbio, ya kukwaruza, kama watu wawili wanaogombania mlango. Ni ile puli mpya ya Nansio, lile gurudumu la mkanda: mashine ya Nathaniel ilikuwa imekuwa nzito kidogo, inazunguka taratibu kuliko zamani. Siku ya simu Rose alikuwa ameielemea ya mama yake kwa mahindi, ndiyo zikakaribiana. Wateja wakaziba masikio. Mtu akasema, basi tena.

Teodora hakusema basi. Alimkumbuka mwalimu: mkiachana utakwenda mbio. Basi yeye ndiye aliye mbele. Akafungua kilango, mahindi yakashuka kwa wingi, mashine yake ikaelemewa, ikapunguza mwendo. Wimbo ukapungua mbio. Akafungua tena kidogo. Wuu, wuu, wuu. Akafumba macho. Wuuu. Wuuuu. Sasa ilikuwa ile ya zamani, halafu ikapita ya zamani, ikawa ndefu zaidi, taratibu zaidi, kila mjao unakawia kuliko uliotangulia, hajawahi kuisikia hivyo. Wuuuuuuu...

Na ikasimama. Haikushuka tena. Kelele moja, iliyonyooka.

Ile sauti Teodora aliijua. Ilikuwa sauti ya wiki zote zile za upweke. Amezima, alifikiri. Amezima, ameona haiwezekani, anaondoka. Hakumwita, hakugonga ukuta. Aliacha kilango wazi, akatoka mbio na unga usoni, akipenya katikati ya watu, akazunguka kona ya jengo, na pale kwenye kona, chini ya mita ya Luku, akagongana na mwanaume mrefu aliyekuwa anakuja mbio kwa magoti mabovu kutoka upande wa pili.

"Umezima!" alisema Nathaniel, anahema.

"Wewe ndiye uliyezima!"

"Mimi? Niliona inakwaruza, nikapunguza udaga, yangu iwe nyepesi, nikufikie. Nikawa napunguza, napunguza. Halafu ukapotea."

"Na mimi niliongeza mahindi nikusubiri."

Wakatega sikio. Pembeni yao, pande zote mbili za ukuta, mashine zilikuwa zinanguruma, zote mbili, nzima, kwa sauti moja nene isiyotikisika hata kidogo. Teodora akaanza kutabasamu chini ya unga.

"Mkilingana kabisa," alisema, "unakwisha. Mwalimu Elias alisema. Hatujapotea, mzee. Tumelingana."

Nathaniel aliitazama mita, akautazama ukuta, akamtazama mama huyu mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Akauchukua mkono wake mbele ya foleni mbili za watu, akabaki nao.

"Basi sikimbii tena kuja kukutafuta," alisema. "Magoti hayawezi. Tuvunje huu ukuta."

Mtu akapiga kigelegele. Na kutoka ndani, Rose alikuwa anaita kwamba mahindi yanamwagika, na mteja mmoja wa udaga, mwenye haraka zake, akalalamika kwamba wenye mashine wamesimama nje na umeme unaliwa bure.

"Uliwe," alisema Teodora, bila kuuachia mkono. "Luku ni yetu."